Shajara ya stoo: magunia 412, mita moja ya kuazima

Jumamosi, 8 Novemba

Wacha nianze kuandika mapema kabla sijasahau venye hii kitu ilianza. Kikundi chetu kiko upande wa Chwele hapa Bungoma, wakulima 43, stoo moja ya mabati, na mwaka huu imeshika magunia 412 ya kilo 90. Kila gunia lina namba yake imeandikwa na kalamu nene nyeusi, na kila namba iko kwa daftari ya katibu pamoja na jina la mwenye gunia na tarehe alileta. Nataka kusema mapema kwamba bila hiyo daftari hakuna mahali tungefika.

Shida yenyewe ni hii. Kuna mnunuzi amesema atachukua mzigo wote mwanzo wa Desemba, lakini unyevu usipite asilimia 13.5, ile kiwango ya kawaida ya mahindi makavu hapa Kenya. Akikuja apate mahindi maji mengi anageuza lori na gharama inabaki yetu, ilifanyika msimu uliopita na watu waliumia. Kwa hivyo tunataka kujua kabla hajafika: kati ya hizi 412, mangapi hayajakauka? Mita ya unyevu tumeazima siku chache tu, na kupima gunia moja vizuri ni kama dakika tatu, piga hesabu, hiyo ni zaidi ya masaa 20 na bado hujahesabu kushusha na kupanga tena.

Leo mwenyekiti na mzee wa stoo walipima 20. Walichoma na bambo, ile chuma nyembamba ya kutoboa gunia na kutoa punje, hapo kwa mlango, safu ya mbele, penye mkono unafika bila ngazi. Moja tu ndio ilipita 13.5. Moja kwa 20 ni asilimia 5, ukipeleka kwa 412 ni kama magunia 21, watu wakafurahi sana na wengine wakaanza kuongea bei. Mimi sikufurahi. Naijua hiyo safu ya mlangoni. Septemba wakati tunaanza kupokea, sakafu ya nyuma ilikuwa imemwagwa saruji na haijakauka, kwa hivyo mahindi ya kwanza, yale yalivunwa jua likiwaka, yalipangwa mbele. Yale ya Oktoba baada ya mvua kuanza yakapitishwa pembeni yakaenda ukutani nyuma kwenye giza, na upepo wa mlango haufiki huko. Sasa ukipima mbele tu unapima mahindi ya Septemba halafu unasema ni stoo nzima.

Jumapili, 9 Novemba

Nimelala nikifikiria. Mimi nilikuwa karani wa sensa 2019, ndio maana hapa wengi bado wananiita karani hata kama nalima tu. Usiku wa tarehe 24 Agosti tulianza kuhesabu kila mtu, nyumba kwa nyumba, nchi nzima ikatoka watu 47,564,296, na Bungoma peke yake 1,670,570. Hiyo ni kuhesabu wote, na nakumbuka venye ilikula watu na pesa. Lakini ule utafiti wa afya ya kaya wa 2022, ule unatuambia mambo ya chanjo na watoto waliodumaa, haukupita kila nyumba. Ulipangwa kwa kaya 42,300 kutoka maeneo 1,692 yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na kutoka hapo wanaongea juu ya Kenya nzima. Watu kijijini waliniuliza sana, mbona kwetu hawakufika na wametangaza matokeo? Wanaweza ju hawakwenda penye barabara ni nzuri tu, kila kaya ilikuwa na nafasi yake ya kuchaguliwa, na nafasi hiyo inajulikana.

Na wingi peke yake hausaidii. Marekani mwaka 1936 gazeti moja, Literary Digest, lilituma karatasi za kura kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, wakatabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt kwa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi walikuwa wametoa kwa vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa ile dhiki kubwa ya uchumi, simu na gari vilikuwa vya nani? Na walioamua kurudisha karatasi hawakuwa sawa na wale walinyamaza. Mwaka huohuo George Gallup, mtu wa kura za maoni, akiuliza watu wachache zaidi sana alisema Roosevelt atashinda. Zile milioni mbili zilikuwa magunia ya mlangoni. Tukipima 100 za mlangoni badala ya 20 tutakosea vilevile, tofauti ni kwamba tutakuwa tumejiamini zaidi.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo nilitaka kuona kwa macho yangu kabla nisimame mbele ya watu. Nikachukua beseni, nikahesabu punje 300 za mahindi meupe na ndengu 100, nikawaambia watoto wachanganye halafu watoe 60 bila kuangalia. Ya kwanza ndengu 6. Ya pili 4. Nikashangaa, inafaa ikae karibu 15. Kumbe ukitikisa beseni ndengu ni ndogo zinateremka chini, mahindi yanabaki juu, na mkono wa mtoto unaishia juu. Yaani hata beseni lina mlango wake.

Nikatoa ndengu nikaweka punje 100 za yale mahindi ya kienyeji ya zambarau ambayo kukhu, nyanya yangu, anapanda nyuma ya jikoni, ukubwa ni uleule. Tukachanganya kwa mkono kutoka chini kwenda juu, tukatoa 60, tukahesabu, tukarudisha, tukarudia mara kumi. Ilitoka hivi: 14, 17, 12, 19, 15, 11, 16, 13, 20, 15.

Nimeziangalia hizo namba muda mrefu. Ukweli hapa naujua, robo ya beseni ni zambarau, na ni mara mbili tu imetoka 15 kamili. Lakini hakuna iliyotoka 3 na hakuna iliyotoka 40. Ile ndogo kabisa, 11, ingenifanya niseme beseni lina zambarau kama 73, ile kubwa, 20, niseme 133, na jibu la kweli 100 liko katikati. Sampuli ya nasibu, yaani kiasi kidogo unachotoa kwa bahati bila kupendelea, inakosea kidogo, na inakosea pande zote, sio kila siku upande mmoja kama ndengu. Na unaweza kupiga hesabu ya ukubwa wa kosa kabla hujaanza. Kwa mlango hakuna hesabu ya hivyo.

Jumatano, 12 Novemba

Leo ni kura yenyewe, ya kuchagua magunia ya kupima. Nilikuwa nimefikiria nitumie simu ichague namba, mweka hazina akaniambia karani, ukitoka na orodha kwa simu yako kila mtu mwenye gunia lake limeitwa atasema umemlenga. Alikuwa na haki. Tukafanya mbele ya watu.

Tulitumia vizibo vya soda. Kopo la kwanza vizibo vitano vimeandikwa 0 hadi 4, hilo ni la mamia. Kopo la pili vizibo kumi, 0 hadi 9, unachomoa mara mbili, makumi na mamoja, na unarudisha kizibo kila mara ndio kila tarakimu ibaki na nafasi ileile. Ikitoka 000 ama kitu juu ya 412 unatupa unaanza tena, na ikirudia namba ambayo imeshatoka pia unatupa. Mtu akauliza kutupa si ni kuchagua? Hapana, tunatupa namba ambazo hazina gunia, na zile 412 zenye gunia zote zimebaki sawa.

Mama mmoja mzee ndiye alikuwa anachomoa, macho ameangalia dari, mjukuu wake anasoma kwa sauti, katibu anaandika. 3-0-8. 0-4-1. 4-7-7, tupa. 2-1-7. Ilichukua karibu saa nzima kupata namba 60, na saa hiyo haikupotea, ju kutoka hapo hakuna mtu amewahi kuniuliza nani alichagua.

Mbona 60? Ni ile tungeweza na vijana wanne wa kubeba kwa siku moja. Kwa 60, mabichi yakiwa kama robo hivi, kosa ni kama asilimia 10 juu ama chini. Tungetaka kosa lipungue nusu, kwa kawaida sampuli inaongezeka mara nne, na hiyo tayari ni zaidi ya nusu ya stoo. Kitu watu wengi walikataa kabisa kuamini ni kwamba hata stoo ingekuwa na magunia 40,000, hizo 60 zingetupa kosa la karibu asilimia 11, haibadiliki sana. Ukubwa wa sampuli ndio una kazi kubwa, ukubwa wa stoo una kazi kidogo tu.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku ngumu kuliko zote. Kwa karatasi namba ni namba, lakini ukiingia stoo namba 217 iko chini kabisa, safu ya nne kutoka ukutani, juu yake kuna magunia saba. Vijana wakaniangalia. Mmoja akasema karani, hii 209 iko hapa juu, si ni mahindi tu, ni ya mwenye huyohuyo hata. Na ni kweli ni ya mwenye huyohuyo. Nilisimama hapo jasho linanitoka na nikaona venye ingekuwa rahisi kuandika 217 halafu nichome 209, hakuna mtu angejua.

Lakini gunia la chini ndilo limekaliwa na mengine saba, ndilo liko karibu na sakafu, na kama kuna maji yamepanda kutoka chini ni hilo yatapata kwanza. Nikiruka yale magumu kufikiwa nimerudi kwa mlango. Tukashusha yote saba. Bambo ikaingia, ile sauti ya mahindi yakiteremka kwa chuma nyembamba hadi kwa sinia, na kabla hata ya mita nikasikia harufu, sio kuoza, ile harufu ya nguo imefungwa ikiwa na umande. Mita ikasoma 16.2. Lile 209 tulichoma baadaye kwa udadisi tu, nje ya hesabu, likasoma 13.3.

Kila gunia tulichoma mara tatu, juu, katikati na chini, tukachanganya kwa sinia ndio tukajaza kikombe cha mita. Gunia lenyewe pia lina mbele na nyuma yake, ukichoma juu tu unapima penye hewa inapita.

Tulimaliza saa kumi na mbili jioni. Magunia 60, yaliyopita 13.5 ni 15.

Robo. Ukipeleka kwa 412 ni magunia 103, na ukiweka kosa, kati ya 62 na 144. Ile ya mlangoni ilisema 21.

Jumamosi, 15 Novemba

Mkutano ulikuwa mrefu. Sikutaka kusema 103 tu nikae chini, ju mtu atashika hiyo 103 kama deni. Nilisema: kati ya 62 na 144, na tungerudia kura kama hii mara mia, karibu mara 95 mipaka tutakayopata itakuwa imeshika jibu la kweli. Mwenyekiti akauliza, sasa hiyo ni kujua ama ni kutojua? Nikamwambia mzee, hata ukichukua ile ndogo kabisa, 62, bado ni mara tatu ya ile 21 tulikuwa tunaongea bei nayo, na lori litarudi. Akanyamaza akafikiria, akasema hiyo inatosha kuamua.

Swali la kunishika lilitoka kwa kukhu mwenyewe, alikuwa amekaa nyuma na shuka lake. Akasema, mjukuu wangu, gunia langu 356 halikuitwa na hamkulichoma, sasa mnasemaje limelowa? Watu wakaanza kuguna pamoja naye. Nilimjibu polepole: kukhu, gunia lako hatujasema neno juu yake, hatujui kama ni kavu ama ni bichi. Tumesema juu ya stoo, kwamba katika yote kuna karibu robo mabichi, lakini ni yapi, sampuli haitaji majina. Ukitaka kujua la 356 itabidi tulichome hilo hilo. Akasema basi mlichome. Nikaandika.

Nimerudi nyumbani na hilo swali, na nadhani ndio kitu kinawachanganya wengi, hata kwa matangazo ya kura za maoni. Mtu anasikia asilimia fulani ya Wakenya wanasema hivi, anajiangalia anaona yeye hasemi hivyo, anaamua ni uongo. Ile namba haikuwa yake.

Jumanne, 18 Novemba

Nikachukua daftari nikaangalia tarehe za yale 60. Magunia 22 yaliletwa baada ya tarehe 10 Oktoba mvua ikiwa imeanza, na 11 kati yao ni mabichi. Yale 38 ya kabla ya hapo, mabichi ni 4. Nusu upande mmoja, karibu kumi kwa mia upande wa pili. Kwa stoo nzima, yale ya Oktoba ni 150, ya mapema ni 262.

Nataka niwe mkweli hapa, hiyo 22 ni ndogo, na ukiikata sampuli vipande kila kipande kinabaki na kosa kubwa kuliko la yote. Kwa hivyo tukaongeza: kura nyingine ya vizibo, safari hii kwa yale ya Oktoba pekee yaliyobaki, magunia 30. Mabichi yakawa 17. Jumla ya Oktoba ni 28 kwa 52, zaidi kidogo ya nusu, yaani kama magunia 81 kati ya 150. Yale ya mapema 262 kwa 4 ya 38 yanakuwa kama 28. Zote pamoja karibu 109. Kila upande umehesabiwa kwa uzito wake, ju ningechanganya hizo 30 na zile 60 za kwanza kama ni kitu kimoja ningekuwa nimejaza Oktoba kupita kiasi na jibu lingepanda bure.

Uamuzi umekuwa rahisi. Magunia yote 150 ya Oktoba yanatoka nje, yanapimwa moja moja, mabichi yanaanikwa kwa turubai. Ya mapema yanakaa.

Kuna mtu ameuliza kama tunaweza kufanya hivihivi kwa aflatoksini, ile sumu ya ukungu. Nimekataa na sitabadilisha. Unyevu umesambaa kwa gunia, lakini hiyo sumu inaweza kuwa kwa punje chache tu, nyingine zote ni safi, na bambo ikipita kando yake unaandika salama. Kiwango cha Kenya ni mikrogramu 10 kwa kila kilo. 2004, hasa huko Ukambani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyowekwa na unyevu. Hapo unahitaji kuchoma mara nyingi sana, kusaga na kuchanganya sampuli kubwa ndio upime, na hiyo ni kazi ya maabara, sio ya vizibo na sinia.

Jumamosi, 29 Novemba

Kuanika kumeisha leo, jua lilikuwa zuri siku tisa kati ya kumi. Kwa yale 150, yote yakipimwa moja moja, mabichi yalikuwa 84. Sampuli ilisema 81. Katibu alisoma hiyo namba mara mbili halafu akaenda kumuita mwenyekiti.

Alhamisi, 4 Desemba

Lori lilifika saa mbili asubuhi. Mnunuzi alikuja na mita yake na bambo yake na alichoma kila gunia, mimi nikakaa kando na daftari nikiweka alama. Yale ya Oktoba yaliyoanikwa yote yalikubaliwa. Yale 262 ya mapema, aliweka kando 31, mengi yakiwa 13.7 na 13.9 hivi, tulikuwa tumemwambia asubuhi mapema kwamba atarajie karibu 28 kwa hivyo hakukasirika, alisema tuyaanike atarudi kuyachukua wiki ijayo.

Nimejumlisha usiku huu kwa taa. 84 na 31 ni 115. Kati ya 412 ni asilimia 28 kasoro kidogo. Kura ya kwanza ya magunia 60 ilisema 62 hadi 144 na ya pili ikasogea hadi karibu 109. Mita zilikuwa mbili tofauti na siku zimepita katikati, unyevu unaweza kupanda ama kushuka kidogo, kwa hivyo hiyo tofauti ya 6 siwezi kusema yote ni ya sampuli.

Msimu ujao tumekubaliana gunia likiingia linapewa rangi ya mwezi, ndio tangu siku ya kwanza tujue makundi na tupige kura kwa kila kundi peke yake. Mweka hazina ameshaweka vile vizibo kwa kopo lenye kifuniko, liko juu ya kabati la daftari.

Gunia namba 356 lilisoma 13.1. Nilipitia kwa kukhu jioni nikamwambia, akauliza ile 217 ya jirani ilikauka? Nikamwambia ilikauka, siku nne kwa turubai, ikatoka 12.8.